Nimeshiba, Mpaka Hapa

Mama yangu alishawahi kumwambia mke wa mkuu wa shule, mbele ya wateja wengine, kwamba gauni halikupungua, ila kiuno ndicho kilichoongezeka. Yule mama akanuna, akalipa, na baada ya miezi michache akarudi na kitambaa kingine. Ndivyo alivyo fundi wetu. Mtaa mzima unamwita Mkasi, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Kwa hiyo daktari aliposema kwamba kile kidonda kisichopona kwenye ulimi wake ni saratani, mdogo wangu wa kiume, ambaye hawezi kukaa na habari mbaya bila kuitania, alininong'oneza pale pale kwenye benchi: "Imezunguka mwili mzima, ikaona huko ndiko kwenye kazi nyingi." Nilimkanyaga mguu, kisha nikaenda chooni nikalia.

Walimkata karibu nusu ya ulimi. Wakachukua kipande cha ngozi na nyama kwenye mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiganja, wakakishonea mahali pale palipobaki wazi. Wakapasua na shingo upande wa kulia kutoa matezi. Aliporuhusiwa hakurudi kwake, alikuja kwangu, kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga, maana mdogo wangu anatengeneza magodoro na kwake vumbi la sponji linaanzia mlangoni.

Mimi nachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mteja analeta kipande cha pazia, anasema nataka ukuta uwe hivi, nami natafuta namba ya rangi hiyo, napima, nafunga kopo, naliweka kwenye mashine litikiswe. Tone la nyeusi likizidi, sebule ya mtu imeharibika. Kazi hii imenifundisha kuheshimu maagizo. Mdogo wangu husema nikikabidhiwa ufunguo wa peponi nitauliza kwanza kama unazungushwa kulia au kushoto. Mwache aseme. Mimi ndiye niliyebaki na Mama, yeye alibaki na magodoro yake.

Siku ya kutoka wodini nesi alitukalisha akatupa maelekezo, na mimi niliyameza yote. Alale kichwa kikiwa juu. Asukutue kwa maji ya chumvi kila akimaliza kula. Vidonge visagwe. Uji na supu viwe vyepesi, visiwe vya moto. Na ale, hilo alilirudia, ale hata kama hataki, kwa sababu kidonda hakiponi kwa mtu mwenye njaa, na uzito ukishuka itabidi arudishiwe mpira wa puani wa kulishiwa. Mama aliposikia mpira wa puani alinishika mkono akaubana. Aliuchukia ule mpira kuliko kisu chenyewe. Nikamwahidi, kwa sauti ambayo hata nesi aliisikia, kwamba mpira wa puani hatauona tena nikiwa hai.

Yalikuwapo mengine mawili. La kwanza lilikuwa la mrija mwembamba uliotoka shingoni kwenye mshono, wenye kichupa cha mpira mwishoni, ukubwa wa limau. Unakimwaga, unakiminya hadi kinakuwa bapa, unakifunga, nacho kinafura taratibu kikivuta majimaji yenye damu kutoka ndani. "Yakipungua kidogo kidogo siku hadi siku, hiyo ni dalili njema," nesi alisema. "Yakiisha tutautoa mrija." La pili lilikuwa la kuongea. Wodini Mama alikuwa akiandika kwenye kibao cheupe chenye kalamu yake ya kufutika. Nesi akasema huko nyumbani asikitegemee sana, azoeze mdomo, ulimi mpya ni kama mtoto mchanga, usipoutembeza hautembei.

Asikitegemee sana. Mimi nilipofika nyumbani nilikiweka juu ya kabati. Nikaliweka huko pia boksi lake la chaki za fundi, mikasi na futi, kwa kuwa namjua, angeanza kupima vitambaa vya majirani na ule mkono wenye bandeji. Simu yake ni ya kupokea tu, herufi zake hajawahi kuzigusa. Nilifanya yote kwa nia njema kabisa. Na niseme ukweli, nilijisikia mlezi hodari.

Kumwelewa kulikuwa kazi. M na b zilitoka vizuri, maana ni za midomo. Lakini s, sh, ch na z zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, upepo tu unaopita chini ya mlango. Akisema "chai" nilisikia "hai". Siku moja alinitaka nimletee sabuni, nikadhani anamtaja mtu anayeitwa Habuni, nikamuuliza ni mteja wake yupi. Alicheka hadi akashika shavu kwa maumivu. Baada ya hapo nilianza kubahatisha: nikisikia neno nusu, namalizia mwenyewe. Mara nyingi nilipatia. Na kila nilipopatia nilizidi kujiamini.

Hofu yangu ilikuwa moja tu, chakula. Nilimwota amekonda. Nilikuwa namtazama mikono anapolala, nikijaribu kukumbuka jana ilikuwaje. Uji niliuinua kwa kijiko nikauangalia unavyodondoka, vile vile ninavyoangalia rangi ya mafuta kwenye kijiti, nikauongezea maziwa, nikauchuja mara mbili. Mama alikula kwa utiifu, akifuta mate kwa kitambaa, macho kwenye bakuli. Kila kijiko kilichopita koo niliona tumeshinda kitu.

Basi asubuhi hiyo nilipokwenda kukimwaga kile kichupa, nilikikuta bapa, vile vile nilivyokiacha nilipokuwa nalala. Hakikuwa na kitu. Jana yake nilikuwa nimemwaga maji mekundu ya kutosha, leo hata tone. Nilifurahi hadi nikampigia mdogo wangu simu.

"Mrija umekauka," nikamwambia. "Wataweza kuutoa sasa."

"Hongera, daktari," akasema. "Nami nikukodishie koti jeupe?"

Mama alikuwa amekaa kitandani, mito nyuma yake, skafu yake ya buluu shingoni. Hiyo skafu hakuwa anaivua. Mshono ulipita kutoka karibu na sikio hadi chini ya kidevu, na mwanamke aliyeishi kwa kushona hakutaka watu wauone mshono wa mwingine ukiwa juu yake. Mimi mwenyewe niliuona wakati wa kuusafisha tu, jioni. Alikuwa akiupapasa mrija kwa vidole.

"Usiuguse, Mama. Habari ni nzuri leo."

Nikamletea uji. Akameza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha akafunga midomo, akaweka kiganja shingoni, chini ya kidevu, na kusema:

"'Mehiba."

"Umeshiba? Kwa vijiko vitatu?"

Hakuweza kutikisa kichwa kwa sababu ya mshono. Alipunga mkono, nikaona anakisukuma kijiko. Akarudia, polepole zaidi, na kiganja bado kiko pale shingoni, mahali ambapo kila mtu huweka mkono akitaka kusema ameshiba hadi hapa, hakuna pa kuongeza.

"'Mehiba. Hapa."

"Huwezi kushiba mpaka hapo, Mama. Bakuli halijafika hata nusu. Kimoja tu."

Akanitazama kwa namna ambayo zamani ilimfanya mteja aombe radhi bila kujua kosa. Kisha akaonyesha kwa vidole, kama mtu anayeandika hewani. Anataka kibao.

Nilikisikia kichwani kile kisauti cha nesi. "Sema, Mama," nikamwambia. "Ukiandika hutaongea. Sema, mimi nasikia."

Mimi nasikia. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Akasema tena, na tena. Nikasikia lile lile. Mwishowe akageuka upande, nami nikarudisha bakuli jikoni, roho ikiwa juu. Nikajiambia pengine ni uchovu. Mgonjwa haulizwi uji, nikajiambia, nikabandika supu.

Mchana haukuwa na nafuu. Supu aliionja tu. Kumeza kulimpa shida kuliko jana, alikunja uso, alikohoa, na ile sauti yake ilikuwa imekuwa nene, kana kwamba anaongea akiwa na mto mdomoni. Nami badala ya kuuliza kwa nini, niliogopa lile lile nililozoea kuliogopa. Nikaona mizani ya hospitali. Nikaona mpira wa puani. Hofu kwangu haiji na machozi, inakuja na amri, na nikaanza kumwamuru mama yangu kama mtoto aliyegoma. Fungua mdomo. Meza. Kingine. Alipoweka tena mkono shingoni na kusema neno lake, nikamkata.

"Nimeshasikia kuwa umeshiba. Unataka wakurudishie ule mpira? Ndicho unachotaka?"

Akakisukuma kijiko, supu ikamwagika juu ya shuka. Nikaondoa shuka, nikaenda nayo sebuleni, nikakaa nayo mapajani, nikashindwa hata kuikunja. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na sikujua kipi kitangulie.

Ndipo nikasikia maji jikoni.

Nilimkuta amesimama mbele ya sinki, miguu mitupu, mkono wenye bandeji ameuegemeza ukingoni. Sufuria ya uji niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya jioni ilikuwa imepinduliwa. Bomba limefunguliwa hadi mwisho. Kiganja chake cha kulia alikuwa amekizamisha chini, na maji yenye uji yalikuwa yanapanda, yakafika nusu, yakaanza kukaribia ukingo.

"Mama, uji wote umeumwaga?"

Alinitazama, akasubiri nami nitazame sinki. Maji yakafurika, yakanimwagikia miguuni. Ndipo nilipoona kwamba kile kiganja hakikuwa kinanawa. Kilikuwa kimefunika tundu la sinki.

"I," akasema. Akapumua. "Me." Akapumua tena, na nikasikia pumzi ikikwaruza. "Hi. Ba."

Kisha akautoa mkono ndani ya maji, akavuta ile skafu ya buluu, ikaanguka.

Imeziba.

Upande wa kulia wa shingo ulikuwa umevimba kama aliyeficha ngumi chini ya ngozi. Ngozi ilikuwa imetanuka, inang'aa, nyuzi za mshono zimeingia ndani. Mrija ulining'inia pale pale ulipokuwa, na kichupa chake bapa, kikavu, ile dalili yangu njema. Nesi alikuwa amesema kidogo kidogo, siku hadi siku. Mimi nilibaki na "yakipungua" peke yake, hayo mengine nikayaacha pale pale wodini.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Lakini sikio bovu lilikuwa langu, na aliyekuwa anakwenda kufa ni yeye.

Nilimpigia mdogo wangu. Alikuwa karibu, anapeleka mzigo, akaja na pikapu yake magodoro yakiwa bado yamefungwa nyuma. Alipomwona Mama alifungua mlango na kumshika kiuno akampandisha. Tulimkalisha katikati yetu, wima, maana alipojaribu kuegemea pumzi ilikatika. Nilishika kile kichupa kiganjani bila kukibana. Niliogopa kukibana na niliogopa kukiachia.

Barabara ilikuwa imejaa. Kwenye taa tulisimama nyuma ya lori la saruji, zikawaka kijani, lori likachelewa, zikawaka nyekundu tena. Nilisubiri mdogo wangu aseme kitu, hata utani wa kipuuzi, hata ule wa koti jeupe. Alikaza macho mbele. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu huyu alitania kwenye mazishi ya baba.

Mama alikuwa anapumua kwa sauti, kila pumzi ikivutwa kama maji ya mwisho kwenye ndoo. Niliinama sikioni kwake.

"Nimesikia sasa, Mama. Imeziba. Nimesikia."

Akanipiga kofi dogo la mgongo wa mkono kwenye goti. Sikujua kama ni la kunituliza au la kuniambia ninyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu atoke wodini sikumalizia mwenyewe.

Nesi yule yule alikuwa zamuni. Alipoiona shingo alimwita daktari kwa sauti ya kawaida kabisa, ila alikuwa tayari anakisukuma kiti cha magurudumu mbio. Mlango ukafungwa. Mimi na mdogo wangu tulibaki kwenye korido, mimi viatu vyangu vimelowa maji ya uji, yeye ameshika skafu ya buluu, na sikumbuki ni nani aliyeibeba kutoka nyumbani.

"Alikuambia nini?" akaniuliza baadaye.

"Aliniambia imeziba. Tangu asubuhi."

"Na wewe?"

"Nikasikia nimeshiba."

Alifikiri. Nikaona anajaribu maneno yale mawili mdomoni bila kutoa sauti, ulimi ameukandamiza chini ili usifanye kazi. Akayarudia. Kisha akaweka mkono begani kwangu, na hakuuondoa mpaka mlango ulipofunguliwa.

Daktari alisema damu ilikuwa imeganda ndani ya mrija, majimaji yakakosa njia, yakajaa shingoni na kuanza kubana koo. Walikuwa wamefungua sehemu ya mshono, wakatoa yaliyojaa, wakaweka mrija mwingine. Anapumua vizuri. Kile kipande walichomshonea ulimini kiko salama, damu inakifikia. Angelala wodini kwanza, wamwangalie. "Mngechelewa hadi jioni," akasema, halafu akaona uso wangu, akaacha hapo.

Tuliruhusiwa kuingia. Mama alikuwa amekaa nusu wima, shingo imerudi kuwa shingo, mrija mpya umeshapata kazi. Uso wake ulikuwa umechoka sana, ila ulikuwa wake. Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye, na kwa hilo nilimpenda, kwa kuwa aliongea na yeye, si na mimi.

"Mama, kabla hujatoka hapa lazima nijue jambo moja. Nyumbani unauguzwa na nani?"

Nilishafungua mdomo nijibu. Nikaufunga.

Mama akanitazama. Akajilamba mdomo kwa ule ulimi wa viraka, akajipanga, akasema neno moja.

"Kihiwi."

Daktari hakuelewa. Akamwangalia nesi, nesi akanyanyua mabega, wote wawili wakanigeukia mimi. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema ametaja jina langu la utotoni, ametaja binti yake, na nani angebisha? Lakini lile neno nilikuwa nimelisikia lote, tangu mwanzo hadi mwisho, mara moja.

"Amesema kiziwi," nikamwambia daktari. "Anauguzwa na kiziwi."

Mdogo wangu alitoa sauti fulani nyuma yangu, sijui kicheko sijui kilio. Nesi akainamisha uso. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Daktari peke yake ndiye aliyebaki na uso wa kazi.

"Basi tukikuruhusu, mama, tufanyeje? Nafasi ipo. Unaweza kukaa hapa wodini mpaka mrija utoke, tukuangalie sisi. Au unataka kurudi kwa huyo kiziwi wako?"

Mama akafumba macho. Nilihesabu kila kosa langu: kibao, chaki, kijiko, supu kwenye shuka. Ningekuwa mimi ningebaki wodini. Nilikuwa tayari kulisikia hilo, na nilikuwa tayari kulitafsiri.

Akafumbua macho, akanitazama mimi, si daktari.

"Ni'udi," akasema.

Nilimsikia vizuri: nirudi. Nikasogea karibu, nikainama hadi uso wangu ukawa mbele ya wake, nikamwomba aniambie tena.